Saa Kumi na Tano za Kukaa

Chsss.

Ilikuwa sauti fupi, kama mtu aliyetaka kumbembeleza mtoto akaghairi. Dada alikuwa akilowesha ncha ya kidole kwa ulimi na kuligusa tumbo la pasi ya mkaa, kupima kama moto umekolea. Pasi ikilia hivyo, kazi imeanza. Mdogo wake alikuwa bado hafiki mezani, kwa hiyo dada alimtafutia kreti la soda asimame juu yake. Mama yao alikuwa amefariki mwaka ule. Baba alikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Dada, ambaye mwenyewe hakuwa amemaliza kurefuka, akaanza kufua na kupiga pasi nguo za watu. Yeye alinyoosha, mdogo wake akakunja. Na kwa vile kale katoto kalisimama siku nzima juu ya kreti, kembamba, wima, dada akakaita Kijiti.

Kijiti alikua, akawa dobi kamili, na mtaa mzima ukamwita hivyo: Dobi. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi na juu yake shuka nyeupe. Ukutani kulikuwa na kamba tatu za kutundikia nguo zilizokwisha, na kwenye kona beseni la maji ya kunyunyizia. Pasi ya mkaa ilishastaafu, sasa ilikuwa ya umeme. Kitu kimoja tu hakikubadilika. Dobi hakai. Alikula amesimama, sahani mkononi, mgongo umeegemea meza. Chai alikunywa mlangoni. Mteja akimsogezea kiti, atakisogeza pembeni kwa adabu kana kwamba kina mwenyewe aliyetoka mara moja. Kinyozi wa mlango wa pili, ambaye watu walimwita Wembe, alikuwa na neno lake la kila siku.

"Mzee Dobi, wewe hata kaburini itabidi tukuchimbie la kusimama."

"Mtaokoa nafasi," Dobi alijibu, na pasi ikaendelea.

Dada alikuwa mbali. Miaka mingi nyuma mwanawe wa pekee alipata kazi ng'ambo, akaoa huko, akamchukua mama yake akae naye. Dobi alimsindikiza hadi uwanja wa ndege, akasimama nje ya uzio mpaka ndege ikawa nukta na nukta ikawa hakuna. Tangu siku hiyo dada alikuwa sauti. Kila Jumapili baada ya chakula simu ililia, na Dobi akaipokea akiwa wima katikati ya chumba, kama anayeimba wimbo wa taifa.

Jumapili moja ile sauti ilikuja imepoa.

"Kijiti."

"Naam, dada."

"Macho yangu yameingia moshi."

"Moshi gani tena?"

"Wa katikati. Nikimtazama mtu, naona masikio, naona mabega. Uso ndio umefunikwa. Daktari ananichoma sindano kila mwezi, lakini anasema pembeni kutabaki, katikati kutazidi kufifia. Mwaka ukiisha nitakuwa nawajua watu kwa sauti tu."

"Basi tupigiane simu ya picha," akasema Dobi.

"Tulishajaribu na huyu mwanangu. Kwenye simu uso ni mdogo kuliko huo moshi, unamezwa wote. Mtu akiwa mbele yangu, nikigeuzageuza kichwa, bado nauokotaokota. Kusafiri mimi siwezi tena, hizi sindano zimenifunga. Njoo wewe. Njoo nikuone."

"Nitakuja, dada."

Alisema nitakuja, na moyo wake ulikuwa umeshafika. Tatizo lilikuwa miguu. Mpwa wake alinunua tiketi, karatasi za safari zikashughulikiwa mpaka zikakamilika, na kila hatua Dobi alipata kisingizio kipya. Shule zinafunguliwa, sare ni nyingi. Pasi inazingua. Mara mvua, nguo hazikauki. Mkewe, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini na macho yasiyopitwa na kitu, alimsikiliza wiki nzima, halafu siku moja akaweka chini bakuli alilokuwa akilifuta.

"Si ndege unayoiogopa wewe."

"Mimi siogopi ndege."

"Ndicho ninachosema. Unaogopa kiti."

Dobi alinyoosha kola ambayo tayari ilikuwa imenyooka. Mkewe alikuwa na haki ya kusema, maana alikuwepo mwaka ule wa harusi ya shemeji yake Dobi, walipopanda basi la masafa na Dobi akabanwa upande wa dirishani. Kabla hata ya kutoka mjini alianza kutokwa jasho. Baadaye alisimama kwenye ujia, kondakta akamkalisha, akasimama tena. Mwisho alishuka porini na kumwambia mkewe atangulie. Alifika harusini siku ya pili, amening'inia nyuma ya lori la mbao, wima, mwenye furaha, na picha zilishapigwa.

"Ndege huwezi kushuka njiani," alisema sasa.

"Kwa hiyo tutajifunza," alisema mkewe. "Leta hiyo tiketi."

Aliisoma kwenye simu, midomo ikimchezacheza. Inaondoka saa moja asubuhi, inafika saa tisa alasiri, siku hiyohiyo. Alitoa hii kwenye ile akapata saa nane. Haikumjia kabisa kwamba saa za kule zina jua lao. Wala Dobi haikumjia. Kwao saa ilikuwa saa, kama kilo ilivyo kilo.

"Saa nane," mkewe alisema. "Huo ni usingizi wa usiku mmoja tu. Unalala kila siku na hujafa."

"Nikilala nimenyooka."

"Basi tutakukunja kidogokidogo."

Kesho yake duka likawa ndege. Mkewe alipanga viti viwili karibu na dirisha, na mbele yake akaweka benchi lililogeuzwa mgongo, karibu sana, magoti yaguse. Alichukua mkanda wa koti la mteja akamfunga nao Dobi kiunoni. Mwenyewe akaketi kiti cha pili, kisha akakumbuka kuwa yeye pia ndiye mhudumu, akainuka, akaleta sinia.

"Chai au kahawa, mzee?"

"Nataka kushuka."

"Hiyo haipo kwenye sinia."

Wembe alichungulia akiwa na kitambaa cha kunyolea begani. "Jamani, mbona mzee kafungwa? Kaiba soksi za mteja?"

"Usimsemeshe," alisema mke wa Dobi. "Yuko angani."

"Angani wapi?"

"Ndo kwanza ameruka."

Wembe alikitazama kile kiti, akaitazama dari. "Basi akipita juu ya nyumba ya mama mkwe wangu asifungue dirisha. Yule mama akimwona atataka lifti."

Dobi hakucheka. Paji la uso lilikuwa likimng'aa. Mikono yake, ambayo haikuwahi kukosa kitu cha kushika, ilikuwa imelala mapajani kama ya mtu mwingine. Chai haijapoa, akafungua mkanda akasimama.

"Nimetua."

"Umetua wapi? Hata mawingu hujayafikia."

"Nimetua kwa dharura," alisema Dobi, akarudi mezani kwake akipumua kama aliyetoka majini.

Lakini kesho alikaa tena, na kesho kutwa pia. Mkewe alimpa leso za wateja azikunje hapohapo kitini, mikono isichanganyikiwe. Hilo lilisaidia. Wateja waliozoea kumkuta wima walipunguza sauti mlangoni, wakauliza amefika wapi, na mkewe akawajibu bila kuinua macho: amevuka mto, yuko juu ya jangwa, sasa anapewa maharage. Mwanamke mmoja aliyefuata gauni lake aliombea abiria wote safari njema, akatoka kwa kunyata. Chai ikapoa Dobi bado amekaa. Siku nyingine jua likahama kutoka mlangoni hadi ukutani naye bado amekaa.

Mwili ulikuwa ukizoea. Kitu kingine ndicho kilichokataa, na alipokaa kimya kikamjia kila siku kwa mlango uleule.

Ilikuwa jioni, wakati wa kreti. Nguo zilikuwa marundo mawili, moja la dada, moja lake, na alikuwa amechoka kiasi kwamba alishuka akakaa juu ya furushi la mashuka, mara moja tu, kupumzisha magoti. Alipofumbua macho, marundo yote mawili yalikuwa yamekwisha, yamepangwa, kola juu ya kola. Dada alikuwa amelala amesimama, kiganja kimeegemea meza, kichwa kimeinama. Hakumgombeza, wala baadaye hakumkumbusha. Lakini mtoto alielewa alivyoelewa: yeye akikaa, kazi yote inamwangukia dada. Akapanda kreti, na kwa namna fulani hakushuka tena.

Jambo hili hakumwambia mtu, hata mkewe. Lingeonekana dogo likisemwa kwa sauti.

Siku alipomaliza saa nane, Wembe alitangaza kupitia kopo la poda kwamba abiria wabaki wamekaa mpaka ndege isimame kabisa, na wateja wawili waliokuwa wakisubiri zamu ya kunyolewa wakapiga makofi. Mkewe alimfungua mkanda mwenyewe. Magoti ya Dobi yalikuwa kama mbao mbichi, lakini uso wake ulikuwa umefunguka. Akampigia mpwa wake palepale.

"Mpwa wangu, mwambie mama yako nakuja. Nimezimaliza saa nane zote."

"Saa nane za nini, mjomba?"

"Za ndege. Si inaondoka saa moja inafika saa tisa?"

"Mjomba, saa moja ni ya huko. Saa tisa ni ya huku kwetu. Nyinyi mkiwa mnakula cha mchana, sisi bado tuko kitandani."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni saa kumi na tano. Ni mbali, mjomba. Kilomita elfu kumi na tatu na ushee, na haitui popote."

Dobi alishukuru, akakata simu, akairudisha mfukoni taratibu. Mkewe alikuwa amesikia. Aliketi kwenye kile kiti cha pili, cha abiria, mikono katikati ya magoti.

"Nilitoa tu," alisema. "Nilichukua hii nikaitoa kwenye ile. Haya makosa yangu."

"Usijilaumu, bibie. Ungeniambia kumi na tano, nisingekaa hata moja."

Akamgusa bega, akaenda mezani. Alipoongea tena alikuwa amempa mgongo. "Mwambie dada nitakuja mwakani."

Yeye na mkewe walijua mwakani kutakuwa na dada, kutakuwa na nyumba na chai na maongezi, lakini macho ya kumwona nayo yatakuwa yamekwenda. Dobi alichukua shati la mteja akalipiga pasi. Akalipiga tena. Mara ya tatu mkewe alilitoa mikononi mwake polepole, akalitundika.

Kesho yake alasiri simu ililia, na haikuwa Jumapili.

"Nasikia umegeuza duka kuwa ndege," alisema dada.

"Ni wifi yako huyo."

"Mwambie namsalimu sana. Kijiti, hebu niambie. Miaka yote watu wananitania kwamba mdogo wangu hakai, nami nacheka nao. Kwa nini hukai?"

Angeweza kusema magoti, angeweza kusema kazi. Lakini sauti ilikuwa karibu mno sikioni, nayo ilikuwa ya mtu ambaye karibu hatamwona tena. Akamweleza habari ya furushi la mashuka na yale marundo mawili. Akamweleza alivyomkuta amelala wima.

"Ile jioni," alisema dada. "Wewe uliamka ukaona marundo. Mimi najua kilichokuwepo kabla. Ulikuwa umelala mdomo wazi, mkono umeshika soksi ya mtu. Tangu mama aondoke ulikuwa hulali vizuri, ulikuwa unashtuka. Siku ile ukalala kabisa. Nikawa napiga pasi huku nakutazama. Pasi moja, jicho moja. Sikumbuki kuchoka, nakumbuka tu kwamba nilikuwa na raha. Na wewe ukaenda ukasimama miaka yote hii."

Dobi aliziba macho kwa kiganja.

"Kaa, Kijiti," dada alisema. "Nguo zimekwisha."

Mkewe, aliyekuwa akichagua vifungo kwenye kopo, aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona katika ndoa yao yote. Mumewe alikivuta kiti mwenyewe, bila mkanda na bila sinia, akaketi, akaendelea kuongea na dada yake habari za mtaa, nani kaoa, nani kahama, mguu mmoja juu ya mwingine kama mzee wa kawaida. Mkewe akainamia vifungo vyake tena, akavichanganya vyote upya.

Wiki ya tatu Dobi akapanda ndege ya kweli. Kiti chake kilikuwa katikati, kilichobana kuliko benchi la mkewe. Kulia kwake aliketi bwana mmoja mwenye miguu mirefu, kushoto binti aliyebeba begi la vitabu. Walipopaa, jasho lilimjia, lilijua njia. Alishika leso aliyowekewa na mkewe, akaikunja mara nne, akaikunjua. Akajisemea nguo zimekwisha. Taa ya mikanda ilipozimika alijiambia atasimama kidogo, kunyoosha miguu, na tayari alikuwa ameshika kifungo cha mkanda yule binti alipoangukia begani kwake amelala.

Hakumjua jina. Alikuwa na alama ya wino shavuni na alilala mdomo wazi. Mhudumu alipita na sinia akamtazama Dobi kwa kuuliza, Dobi akatikisa kichwa: asiamshwe. Mbele yake kulikuwa na kioo kidogo chenye ramani, na juu ya ramani kindege cheupe kikitambaa juu ya bahari polepole, kama pasi juu ya shuka lisilo na mwisho. Alikitazama. Mkono ulikufa ganzi na magoti yalilalamika. Bwana wa kulia alikwenda kutembea akarudi, akaenda akarudi, naye Dobi hakuinuka. Alikuwa akipunguza hata kupumua. Binti alipoamka, bahari ilikuwa imekwisha.

"Samahani sana, babu. Nimekulalia muda mrefu?"

"Hata," Dobi alisema. "Ndo kwanza umefumba macho."

Mpwa alimpokea kwa kumkumbatia hadi kofia ikaanguka, akampeleka kwa gari hadi mtaa wa nyumba zilizofanana. Ngazi mbili, mlango wa kijani, ukumbi wenye joto la mashine. Dada alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Dobi alisimama mbele yake, na dada, badala ya kumtazama, akageuza uso akaangalia pazia.

Dobi alibaki na mikono hewani. Labda kakasirika kwamba nimechelewa, alifikiri. Labda hanijui.

"Hapo ndipo anapokuona, mjomba," mpwa alimnong'oneza. "Anaona kwa pembeni. Kaa hapo mwangani."

Dobi alivuta kigoda akaketi karibu mpaka magoti yao yakagusana. Dada aligeuza kichwa kidogo kidogo, akitazama pazia, kisha kona ya ukuta, kisha taa, na kila mgeuko ulimpa kipande.

"Masikio yako ni yaleyale," alisema.

"Nimekuja nayo."

"Usicheke, sura inasogea."

"Sicheki."

"Nywele zimekuwa nyeupe. Hukuniambia."

"Ulikuwa huulizi."

"Pua ya baba. Maskini." Akageuza kichwa tena, akarudi nyuma, kama mtu anayetafuta ncha ya uzi. "Nyamaza kidogo, Kijiti. Nakutafuta macho."

Nje gari lilipita, likaisha. Mpwa alikuwa ametoka jikoni na vikombe, akasimama navyo mlangoni, asithubutu kuingia. Kichwa cha dada kikasimama mahali pamoja, kimeelekea dirishani, hakisogei. Mkono wake ukapapasa hewani ukaukuta mkono wa mdogo wake, ukaufunga.

Dobi aliinama mbele, akauweka uso wake palepale ulipokuwa ukionekana, akausawazisha dada asije akaupoteza.

"Nitazame taratibu, dada," alisema, kwa sauti ambayo hata mpwa pale mlangoni hakuisikia. "Sina haraka."